Kiapo, Nadhiri na Mkono wa Kazi: Njia za Kuwa wa Shirika katika Nyanda za Buha

Mtu wa pwani akitajiwa Kasulu au Kibondo, kitu cha kwanza kumjia akilini huenda kikawa mkonge. Mashamba ya Tanga yaliyojaza magunia na mafundo ya katani katika enzi ya Waingereza yalilimwa kwa sehemu kubwa na Waha walioshuka kutoka nyanda za Kigoma. Kuanzia mwaka 1944 chombo cha wenye mashamba kilichoitwa SILABU ndicho kilichokuwa kikiwakusanya na kuwaleta. Waliitwa manamba. Kila mmoja alikuwa na namba yake, na kwa namba hiyo alikuwa wa shamba fulani, mpaka mkataba ulipokwisha akarudi kwao, au asirudi.

Neno hilo manamba ninaliweka mlangoni mwa makala haya kwa sababu linauliza swali ambalo ndilo hasa ninalotaka kulijadili: mtu huwa wa nani, na kwa kitu gani? Mmoja ni wa ukoo kwa damu. Mwingine ni wa bwana kwa namba. Lakini wapo watu walioacha damu yao na kukataa namba, wakajiunga na jamaa wasioizaa wala kuizaliwa: mashirika ya watawa na wamisionari wa Kikatoliki. Katika milima ile ya Buha na katika mwambao wa Ziwa Tanganyika ulioko chini yake, njia za kuwa wa shirika zilikuwa nyingi kuliko zinavyoandikwa. Wengine walikuwa wa shirika kwa nadhiri, wengine kwa kiapo, wengine kwa ndoa na bunduki, wengine kwa dawa, na wengine kwa miguu yao tu, iliyopanda na kushuka vilima mwaka hata mwaka bila jina lao kuingizwa katika daftari la shirika.

Msomaji wa visiwani hahitaji kuelezwa kuwa udini una daraja zake. Anazijua tarika. Yuko halifa mwenye ijaza, yuko muridi aliyepokea uradi kwa shehe wake, na yuko jirani asiyepokea chochote ila kila usiku wa zikiri huja akakaa ukingoni mwa duara, na siku akifa wanazikiri ndio wambebao. Je, huyo wa mwisho si wa tarika? Ukimwuliza mwenye daftari atasema siye. Ukiwauliza waliolibeba jeneza, watakushangaa kwa kuuliza. Sikusudii kusema kwamba tarika na shirika la kitawa ni kitu kimoja. Imani zake ni mbali, na kanuni zake ni mbali. Swali la nani ni wa ndani na nani ni wa ukingoni ndilo linalofanana.

Wamisionari wa Kikatoliki waliofika kwanza katika nchi tunayoizungumza ni wale walioitwa na wenyeji Mapadre Weupe, kwa sababu ya kanzu zao nyeupe na burnusi walizozichukua kutoka kwa Waarabu wa Aljeria, pamoja na rozari waliyoivaa shingoni. Shirika lao, ambalo jina lake rasmi ni Wamisionari wa Afrika, lilianzishwa mwaka 1868 na Charles Lavigerie, Askofu Mkuu wa Algiers. Mwaka 1878 msafara wao wa kwanza wa watu 10 ulipita pwani yetu, ukaingia bara kwa njia ya Tabora. Huko uligawanyika: wengine wakaelekea Buganda, wengine wakaenda Ujiji, wakafika Januari 1879. Padre Joachim Pascal, aliyekuwa ameteuliwa kuiongoza misheni ya Tanganyika, hakufika. Alifia njiani mwaka huo wa 1878.

Hapa pana jambo ambalo hata Wakristo wengi hawalijui. Mapadre Weupe, kwa lugha ya sheria ya Kanisa, si watawa. Mtawa huweka nadhiri tatu: ufukara, useja na utii. Mpadre Mweupe haweki nadhiri hizo. Yeye hula kiapo mbele ya Injili, akijifunga kuishi katika shirika na kuitumikia Afrika mpaka kufa. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 inaliweka shirika la namna hii katika fungu lake la pekee, la mashirika ya maisha ya kitume. Kwa hiyo hata wale tunaowadhania kuwa kiini cha utawa katika nchi ya Kigoma walikuwa, kwa hesabu kali, upande wa pili wa ukuta. Ndani ya shirika lao wenyewe pia palikuwa na tofauti: mapadre waliosoma teolojia na kuadhimisha misa, na mabruda waliochonga mbao, kufyatua matofali na kuezeka. Kiapo kilikuwafunga wote, lakini mwenye mwiko wa uashi na mwenye kikombe cha misa hawakuwa na sauti sawa barazani.

Nje kidogo ya duara hilo walisimama watu wa aina ya tatu. Misafara iliyofuata ule wa kwanza ilileta askari wa zamani wa Papa, walioitwa Wazuavu, ambao waliilinda Roma kabla haijatwaliwa na taifa la Italia mwaka 1870. Vita vyao vilikuwa vimekwisha, na Lavigerie akawapa kazi ya kuilinda misheni. Hawakuwa mapadre wala mabruda. Waliitwa wasaidizi. Neno msaidizi ni neno dogo, lakini tazama lilivyolipwa. Tarehe 4 Mei 1881, huko Rumonge katika mwambao wa Burundi, si mbali na mpaka wa Buha, kituo cha misheni kilivamiwa. Waliouawa siku hiyo ni Padre Deniaud, Padre Augier na msaidizi D'Hoop. Mikuki haikuuliza nani alikula kiapo na nani hakula.

Mwenzake D'Hoop aliyejulikana zaidi ni Kapteni Léopold Joubert, Mfaransa aliyezaliwa mwaka 1842. Alikaa Mpala na nchi za jirani, ng'ambo ya ziwa, akapigana na wafanyabiashara wa watumwa, akahukumu mashauri, akalima. Mwaka 1888 akamwoa Agnes Atakaye, binti wa nchi ile, akazaa naye watoto, na hakurudi Ulaya mpaka alipofariki mwaka 1927. Maisha ya mtu huyu yanatatanisha kila mpaka. Alisali kama mtawa huku ana mke, na alimtii askofu huku amebeba bunduki. Watu wa misheni walimhesabu kuwa wao, lakini shirika halikumhesabu kuwa mwanachama. Nasi wa pwani hatuna budi kukumbuka kwamba vita vyake vilikuwa pia sehemu ya vita vya Wazungu vya kuigawana Afrika. Uchaji wa mtu hauiondoi bunduki yake katika historia.

Lakini anayeliweka swali letu wazi zaidi ni mtu wa nne, Adrien Atiman. Alizaliwa yapata mwaka 1866 karibu na Timbuktu, katika nchi ambayo leo ni Mali. Akiwa mtoto alitekwa, akavushwa jangwa la Sahara kama bidhaa, na Mapadre Weupe wakamnunua na kumkomboa huko Aljeria. Lavigerie alikuwa na shauri la kuwasomesha udaktari vijana Waafrika waliokombolewa, ili wawe madaktari na makatekista kwa pamoja. Atiman akapelekwa kisiwa cha Malta, akasoma utabibu, kisha akashuka pwani yetu na kutembea mpaka Karema, upande wa kusini mwa Kigoma, alikofika mwaka 1889. Karema ilikuwa ngome iliyojengwa na Wabelgiji na kukabidhiwa kwa wamisionari mwaka 1885. Hapo Atiman alikaa, akitibu kwa dawa alizozileta na kwa mitishamba aliyojifunza kwa wenyeji, akifundisha dini, mpaka alipofariki mwaka 1956. Ni miaka 67 katika kituo kimoja. Mapadre walikuja wakafa, walikuja wakahamishwa, maaskofu wakabadilika, bendera ya Mjerumani ikashuka na ya Mwingereza ikapanda, na daktari yupo pale pale.

Atiman alioa, na mwanawe Joseph akapata upadre. Yeye mwenyewe hakuwa Mpadre Mweupe. Wapo watakaosema kwamba alichagua ndoa, na neno hilo ni kweli. Lakini haliumalizi ukweli wote. Kwa miongo mingi shirika hilo lilikuwa na msimamo kwamba Mwafrika mwenye wito wa upadre aelekezwe kuwa padre wa jimbo, chini ya askofu wa mahali, si kuingizwa shirikani. Walieleza sababu yao: wao ni wapiti njia, wamekuja kulijenga Kanisa la wenyeji, na wakiwachukua vijana bora kuwafanya wao, jimbo litabaki maskini. Ni hoja yenye uzito, wala si ya kuchezewa. Hata hivyo, ukiitazama kwa macho ya mtu aliyekaa ndani ya ua wa misheni miaka 67, hoja hiyo ina sura ya mlango uliofungwa kwa adabu.

Wakati huo huo, mwisho wa pili wa njia ile ile ya misafara, palikuwa na mtu mwingine ambaye maisha yake yanastahili kuwekwa kando ya haya. Yahya bin Abdallah, anayejulikana kwa jina la Sheikh Ramiya, alizaliwa mashariki mwa Kongo, akaletwa Bagamoyo akiwa mtumwa mdogo. Akasoma, akapata uhuru, akawa mwanachuoni na halifa wa Kadiria, na mpaka alipofariki mwaka 1931 Bagamoyo ilikuwa imekuwa kituo kikubwa cha tarika hiyo, ambayo iliota mizizi pia Ujiji. Watoto wawili waling'olewa kwao kwa mnyororo. Wote wawili wakapata udugu mpya katika dini. Mmoja alipewa uongozi wa tarika iliyompokea. Mwingine alipewa heshima, upendo na kazi ya maisha yote, lakini jina lake halikuingia katika orodha ya wanachama. Sisemi hili ili dini moja ishangilie juu ya nyingine, maana pwani nayo ilikuwa na waungwana waliomkumbusha mtu asili yake hata baada ya kuachwa huru. Nalisema kwa kuwa ulinganisho huu unaonyesha kwamba udugu wowote, uwe wa zikiri au wa rozari, hupimwa kwa jinsi unavyomtendea yule aliyekuja bila ukoo.

Kwa upande wa wanawake historia ilikwenda njia nyingine kidogo, na ilianzia hapa kwetu. Desemba 1860, kabla ya Mapadre Weupe kuwako, padre Fava alitua Unguja akitoka kisiwa cha Réunion, akifuatana na masista wa shirika la Mabinti wa Maria. Shirika hilo lilianzishwa Réunion mwaka 1849, mwaka mmoja tu baada ya utumwa kufutwa katika makoloni ya Ufaransa, na tangu mwanzo liliwapokea pamoja wanawake weupe na wanawake waliokuwa watumwa jana yake. Kwa hiyo mafundisho ya kwanza ya utawa wa kike ambayo Unguja iliyaona yalibebwa na shirika ambalo lilikwisha kulijibu swali la mlango.

Huko bara, Masista Weupe, waliokuwa wameanzishwa na Lavigerie huyo huyo mwaka 1869, walianza kuingia mwaka 1894. Na huko Karema, chini ya Askofu Adolphe Lechaptois, ukaanza mwaka 1907 mwanzo wa shirika la masista Waafrika wenyewe, Masista wa Maria Malkia wa Afrika. Tarehe hiyo ni ya kutazamwa kwa makini. Binti Mwafrika aliweza kuwa mtawa wa shirika lake, mwenye nadhiri na kanuni, miongo mingi kabla ya kaka yake kuweza kwa kawaida kuingia katika shirika la Mapadre Weupe.

Lakini gharama yake haikuwa ndogo. Katika Buha, kama katika nchi za jirani, binti alipoolewa mali ilivuka ua: ng'ombe, majembe, mbuzi. Kwa mali hiyo kaka zake nao walioa. Binti aliyesema kwamba hataolewa hakujinyima mume tu. Alikata kamba iliyowafunga watu wengi. Wazee walipogoma, hawakugoma kwa sababu ya ujinga. Walijua hesabu. Na binti aliyekwenda baada ya kugombana nao alikuwa amepiga hesabu nyingine, ambayo wao hawakuifundishwa.

Tupande sasa milimani kwenyewe. Buha haikuwa nchi isiyojua udugu usio wa damu. Katika falme zake, Heru katika nchi ya Kasulu, Muhambwe na Buyungu katika upande wa Kibondo, palikuwa na utaratibu wa ubugabire: mtu humpa mwenzake ng'ombe, na kwa ng'ombe huyo wawili hao hufungwa kwa haki na wajibu, mpaji akitoa ulinzi, mpokeaji akitoa utumishi na heshima. Ng'ombe alizaa, na uhusiano ukazaa pamoja naye. Kwa hiyo wamisionari walipokuja na maneno yao ya kujifunga, ya kupokea na kutii, walizungumza na watu waliojua kwamba mtu aweza kuwa wa mtu kwa hiari yake, na kwamba mwenye kupokea hudaiwa.

Mwaka 1946 nchi ya Kigoma ilitengwa na Karema, ikawa vikarieti yake, chini ya Askofu Jan van Sambeek, Mpadre Mweupe kutoka Uholanzi. Mwaka 1953 ikawa jimbo. Alifuatwa na Mpadre Mweupe mwingine, James Holmes-Siedle, na mwaka 1969 kiti kikakaliwa na Mwafrika, Alphonse Nsabi. Hiyo ndiyo orodha inayokaa vitabuni, nayo ni ya kweli. Lakini maaskofu na mapadre wachache wangewezaje kuzifikia nyumba zilizotawanyika juu ya vilima kutoka Manyovu mpaka Kakonko? Walizifikia kwa miguu ya makatekista.

Katekista wa kigango alikuwa mtu mwenye mke, watoto na shamba la maharage. Alifundisha wakatekumeni kwa muda ambao Mapadre Weupe waliuweka kuwa miaka minne, muda ambao wengi waliuona mrefu mno. Aliongoza sala ya Jumapili padre asipokuwapo, na padre hakuwapo mara nyingi. Alizika. Alisuluhisha ugomvi wa ndoa. Mwaka 1972, Operesheni Kigoma ilipowahamisha watu kutoka vilimani na kuwakusanya katika vijiji vya ujamaa, misheni zilibaki mahali pake kwa kuwa ni za mawe na matofali, lakini watu walihama, na katekista akahama pamoja nao. Kigango kilikuwa pale alipo yeye. Hakuwa na nadhiri. Hakuwa na kiapo cha shirika. Mshahara wake ulikuwa kidogo, pengine hakuna. Lakini ukiuliza kazi ya Mapadre Weupe katika Buha ilifanywa na nani, huwezi kumwacha nje bila kusema uongo.

Kisha likaja jambo ambalo hakuna aliyelipanga. Kuanzia Oktoba 1993, baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye wa Burundi, na tena kuanzia mwaka 1996 kwa vita vya Kongo, nyanda za Kibondo na Kasulu zilijaa wakimbizi. Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo. Nduta, iliyokuwa imefungwa, ilifunguliwa tena mwaka 2015 Warundi walipokimbia kwa mara nyingine. Miongoni mwa waliokuja kuwahudumia ni Shirika la Wajesuiti la Kuhudumia Wakimbizi, lililoanzishwa mwaka 1980 na Pedro Arrupe, aliyekuwa mkuu wa Wajesuiti. Liliendesha Redio Kwizera kutoka Ngara, na kwizera katika lugha za pande zile ni kutumaini. Katika kambi za Kibondo lilifanya kazi ya kuwasindikiza watu, neno ambalo lenyewe limelichagua likatangulia kuhudumia na kutetea.

Hapo tena njia za kuwa wa shirika zikaongezeka. Wachache walikuwa Wajesuiti wenye nadhiri. Wengine walikuwa masista wa mashirika mengine, na wengi walikuwa walei, wake kwa waume, waliofanya kazi kwa jina la Wajesuiti bila kuwa Wajesuiti. Zaidi ya hao, kambini mkimbizi mwenyewe alikuwa katekista. Mtu aliyepoteza nyumba, nchi na hati zake zote, ambaye mbele ya ofisi alikuwa namba katika kadi ya mgawo, jioni aliwakusanya wenzake chini ya turubai akawasomea Neno. Tazama, tumerudi kwa manamba. Mchana ni namba, jioni ni mwalimu mwenye jina.

Na ule mlango uliofungwa kwa adabu? Ulifunguka. Mapadre Weupe walianza kuwapokea Waafrika, na idadi yao ikakua hata wakawa ndio wengi miongoni mwa vijana wanaojiandaa. Mwaka 2010 walimchagua Richard Baawobr wa Ghana kuwa mkuu wao wa kwanza Mwafrika, na baada yake, mwaka 2016, Stanley Lubungo wa Zambia. Jimbo la Kigoma nalo lilipata mwaka 2014 askofu Joseph Mlola, aliyetoka katika jumuiya ya mapadre ya maisha ya kitume iliyo tawi la Kazi ya Roho Mtakatifu, jamaa ambayo mapadre, masista na walei wana matawi yao chini ya mwavuli mmoja. Jambo ambalo kwa Joubert na Atiman lilikuwa utata, kwa jamaa hii limekuwa muundo.

Waswahili tunasema udugu wa nazi hukutania chunguni. Nazi mbili za minazi mbalimbali hazikujuana mpaka zilipokunwa na kukamuliwa. Methali hiyo mara nyingi husemwa kwa dhihaka, kwamba huo si udugu. Baada ya kuwafuata hawa watu kutoka Unguja mpaka Kibondo, mimi naisikia kwa namna nyingine: chunguni ndimo udugu ulimothibitika, kwa kuwa kila kilichoingia kilitoa tui lake.

Limebaki jambo moja, nalo ni la haraka. Mashirika huandika majina ya wafu wao na kuyasoma kila mwaka siku ya kifo chao. Makatekista wa Buha hawamo katika orodha hizo. Lakini wamo katika vitabu vya ubatizo vya parokia za zamani, katika safu ya wasimamizi, kwa mwandiko wa padre aliyekuwa akiandika haraka kabla ya jua kuchwa. Jina lile lile hurudi ukurasa baada ya ukurasa. Karatasi zile zinaliwa na mchwa, na wazee wanaoweza kusema jina hili ni la nani, aliishi kilima gani na alikufa lini, wanazidi kupungua. Vijana wetu wanaokwenda Kasulu na Kibondo kwa masomo au kazi wangefanya jambo jema wakiomba ruhusa ya kuvifungua vitabu hivyo, wakaketi na wazee hao, wakaandika.